Mochwari nayo ipimwe: walivyomhudumia mama mkubwa kutoka Dar es Salaam hadi Old Moshi

Ukitaka kujua saluni ipi ya Sinza inasuka vizuri, au duka gani la Kariakoo linauza vipuri halisi, utapata watu mia wa kukuelekeza. Mochwari hakuna anayeisimulia. Msiba ukikufika unapokea unachopewa, unalia, unazika, na anayekuja nyuma yako anakutana na yaleyale. Nimeona niandike, kwa sababu mama mkubwa wangu amehudumiwa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwenye misiba ya kwetu. Yapo pia mambo yaliyoniudhi, na hayo nitayasema vilevile.

Huduma zenyewe ni mbili zinazofanya kazi pamoja: mochwari ya hospitali ya taasisi moja ya dini hapa Dar es Salaam, na kampuni ndogo ya magari ya kusafirisha maiti ambayo hospitali hiyo huwaelekeza wafiwa. Majina nimeyaacha makusudi. Nataka ukishasoma uende mochwari yoyote, ya serikali au ya binafsi, ukaangalie kama haya yanafanyika.

Mimi kazi yangu ni utunzaji wa stoo, na nimeifanya tangu sijaolewa. Stoo tuna usemi wetu: kilichoingia bila kuandikwa hakijaingia, na kilichotoka bila saini kimeibwa. Kwa hiyo usiku ule tulipofika mochwari, wenzangu walikuwa wanalia na mimi nalia, lakini macho yangu yalikwenda kwenye daftari.

Lilikuwa daftari kubwa lenye jalada gumu, kurasa zimepigwa namba kwa mhuri tangu mwanzo, kwa hiyo huwezi kuchana ukurasa mmoja usijulikane. Kila mstari una jina kamili la marehemu, jinsia, umri, wodi aliyotoka, saa ya kufikishwa, aliyemleta, aliyempokea, namba ya jokofu na namba ya droo. Upande wa kulia kuna safu za kutoka: tarehe, saa, namba ya kibali cha mazishi, jina la ndugu anayechukua mwili, kitambulisho chake, saini yake na saini ya mhudumu. Nilipitisha macho kwenye kurasa za nyuma. Sikuona mstari wa mtu aliyeondoka ambao safu zake ziko wazi. Mtu wa stoo akiona daftari la namna hiyo, moyo unatulia.

Mhudumu wa zamu, kaka mmoja wa makamo, alitupa pole kwanza, akasubiri tujibu, ndipo akaanza kazi. Alichukua lebo mbili ngumu zenye uzi, akaziandika kwa kalamu isiyofutika kwa maji: majina matatu, namba ya daftari, tarehe. Moja akaifunga kifundo cha mkono, nyingine kifundo cha mguu. Ya tatu, ya kubandika, akaiweka juu ya shuka kwa nje. Kabla ya kufunga alimwita binti wa marehemu, dada yangu yule mkubwa, akamwambia, "Dada, naomba unisomee bangili ya wodini, mimi nitasoma lebo." Wakasomeana. Sababu aliieleza bila kuulizwa: makosa mengi ya kubadilishana maiti hutokea pale majina yanapofanana, na yeyote anayepokea peke yake usiku, amechoka, anaweza kusoma anachotarajia badala ya kilichoandikwa. Mama mkubwa ana jina ambalo Uchagani utalikuta kila kitongoji. Niliporudi asubuhi nikakuta kwenye ubao wa majokofu mama mwingine mwenye jina lake la kwanza na la ukoo, droo tatu kutoka yake. Kilichowatenga ni jina la katikati na namba.

Kisha vitu vyake. Alikuwa na hereni, kitambaa cha kichwani na pete ya ndoa. Pete ilikuwa haitoki kwa sababu vidole vilikuwa vimevimba tangu wodini. Kaka yule hakuvuta. Alituuliza kama tunataka abaki nayo au itolewe, kwa sababu uamuzi ni wa familia. Dada akasema itolewe, ni ya kukumbukia. Akapitisha uzi mwembamba chini ya pete, akauzungusha kwenye kidole kwa kubana kuelekea ukucha, duara baada ya duara, kisha akaanza kuufungua kutokea upande wa kiganja, na pete ikawa inasogea taratibu kila uzi unapofunguka. Ilichukua muda. Hakuwa na haraka, na mkono wa marehemu aliushika kwa chini, kwenye kiganja, kama unavyomshika mgonjwa anayesikia maumivu. Ilipotoka akaifuta, akaandika kwenye fomu: "pete moja, rangi ya dhahabu." Hakuandika pete ya dhahabu, maana yeye si sonara na hakuipima. Hivyo ndivyo tunavyoandika stoo. Bahasha ikafungwa mbele yetu, sisi na yeye tukasaini juu ya mfuniko, nakala tukapewa.

Nieleze kwa nini haya yananigusa hivi. Baba mdogo wangu alifariki kwa ajali ya bodaboda miaka kadhaa iliyopita, akapelekwa mochwari nyingine ambayo sitaitaja. Saa yake na viatu havikuonekana tena. Tuliambiwa vilichomwa kwa sababu vilikuwa na damu, na hakukuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha vilichomwa lini na nani. Hilo tulilimeza. Ambalo halijaondoka hadi leo ni picha. Kabla mama mdogo hajaambiwa kwamba mumewe amefariki, picha ya uso wake akiwa juu ya meza ya saruji ilikuwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la mtaani kwao. Aliiona yeye mwenyewe kwenye simu. Nani alipiga, hakuna aliyejua, kwa sababu mle ndani kila mtu alikuwa anaingia na kutoka. Maiti hawezi kuufunika uso wake, hawezi kusema "usinipige picha". Anafunikwa na walio hai au hafunikwi kabisa.

Kwenye mochwari hii ninayoisimulia, mlangoni kuna sanduku la chuma lenye vyumba vidogo na funguo. Mhudumu akiingia chumba cha majokofu anaacha simu humo, na ndugu pia wanaacha zao. Nilimwona daktari kijana anaingia na simu mkononi, akarudishwa, tena kwa heshima: "Dokta, samahani, sanduku liko hapa." Akarudi akaiacha. Ningekuwa natoa alama, sanduku hilo peke yake lingechukua nusu ya alama zote. Bei yake haizidi ya jeneza la kawaida, na hospitali yoyote inaweza kuwa nalo.

Huenda mtu akaona nakuza sana habari ya lebo na daftari. Sisi wa Old Moshi tuna sababu yetu. Machi 2, 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wetu wa Old Moshi, pale Tsudunyi pamoja na viongozi wenzake, na wazee wetu tangu hapo wanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Nimekua nikisikia watoto na wajukuu zake wakikiulizia. Huko Berlin kumehifadhiwa mafuvu zaidi ya elfu moja yaliyotolewa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, mengi ya Rwanda, mengine ya kwetu na machache ya Kenya. Mwaka 2023 watafiti walipolinganisha vinasaba vya baadhi ya mafuvu ya Kilimanjaro na vya watu walio hai, matatu yalipata ndugu. Moja lilikuwa la mshauri wa Mangi Meli, na msaada mkubwa wa kumtafuta ulikuwa maandishi yaliyokuwa juu ya fuvu lake: Akida. Neno moja lililoandikwa na mkono wa mtu aliyemdhalilisha ndilo lililosaidia kumrudishia ukoo wake baada ya zaidi ya karne. Wengi wasioandikwa kitu wapo bado kwenye maboksi. Kwa hiyo ninapoona mtu anafunga lebo mbili kwa mama mkubwa na kumsomea jina lake kwa sauti, siwezi kulipita kama jambo dogo.

Majokofu yenyewe yalikuwa na kipimajoto kwa nje, na kando yake karatasi inayojazwa kila baada ya saa chache. Mwili unapokaa siku chache hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 4 hivi. Chini ya sifuri ni kwa wanaokaa muda mrefu, na mwili ulioganda una matatizo yake. Nilipokuwapo umeme ulikatika, jenereta ikachukua kazi kabla sijamaliza kuuliza kama lipo. Kila droo ina mtu mmoja. Naandika hili kwa sababu nimewahi kuona kwingine wawili, na siku hiyo sikula.

Kwa kuwa tulikuwa tunamsubiri mwanawe wa mwisho atoke Mtwara, na safari ya Kilimanjaro ni ndefu, tulishauriwa mwili upigwe dawa. Mtaalamu alikaa na sisi akaeleza. Dawa ni formalini iliyopunguzwa kwa maji, huingizwa kwenye mshipa mkubwa, mara nyingi wa shingo au wa paja, ikisukumwa na pampu ifuate njia ileile ya damu hadi vidoleni, na damu hutolewa kwa mshipa wa pili. Inakaza nyama na kuua vijidudu vinavyoozesha. Alituambia wazi atapasua wapi, kwa ukubwa gani, na kwamba atashona, kisha akatupa fomu ya ridhaa. Kaka yetu mkubwa alitaka kusaini bila kusoma, mtaalamu akamzuia: "Soma kwanza, mzee wangu, ni mama yako." Akatuambia pia kwamba familia za Kiislamu huwa hazitaki dawa wala kukawia, na kwao kuna chumba cha kuoshea kilichoelekezwa kibla na wanapewa mwili upesi wakishakuwa na karatasi. Nilikiona chumba hicho. Kina meza yenye mfereji wa maji na pazia zito, na mwiko wa mlangoni ni kwamba mhudumu haingii mpaka aitwe.

Lawama yangu ya kwanza iko hapa. Mtaalamu wa dawa ni mmoja tu. Tuliambiwa asubuhi, akapatikana jioni, kwa sababu alikuwa na wengine. Hospitali inayopokea watu wengi kiasi kile haiwezi kumtegemea mtu mmoja, na akiugua yeye je? Halafu chumba chake hakina feni ya kutolea hewa inayotosha. Formalini inaunguza macho na koo, na imethibitishwa kusababisha saratani kwa wanaoivuta kwa miaka. Alikuwa na barakoa nzuri, lakini kijana anayemsaidia alikuwa na ile nyembamba ya kitambaa. Heshima ya maiti isije ikalipwa kwa mapafu ya anayemtunza. Nimewaandikia hili kwenye kitabu chao cha maoni.

Siku ya kumvalisha tuliingia wanawake peke yetu: dada, mimi, mke wa kaka na wahudumu wawili wa kike. Hili waliliuliza wao kabla hatujaomba. Mama mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa blauzi iliyofungwa hadi kifungo cha juu, na hakuna mwanamume zaidi ya mume wake na madaktari aliyewahi kumwona bila nguo. Wahudumu walimfunika shuka kutoka shingoni hadi miguuni, wakawa wanaosha kwa kipande kwa kipande, wanafunua mkono wanaosha wanafunika, wanafunua mguu wanaosha wanafunika. Hakuna dakika ambayo alikuwa uchi wote juu ya ile meza. Na walikuwa wanaongea naye. Mmoja, mama wa umri wangu, kila alipotaka kumgeuza alisema, "Mama, tunakugeuza upande wa dada yako mdogo sasa," maana alidhani mimi ni mdogo wake. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nilimuuliza kwa nini wanahangaika kuchemsha, akasema maji baridi yanakaza viungo kuvalisha kukawa kugumu, kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba hata hivyo yeye hawezi kumwosha mama wa mtu kwa maji ya baridi. Wahenga walisema mwosha huoshwa. Yule mama analiishi hilo kila siku ya kazi.

Hapo ndipo likatokea la pili lisilonipendeza. Baada ya kumvalisha walimpaka poda usoni, na poda ilikuwa ya rangi ya kunde iliyofifia, ikamfanya awe mtu mwingine. Mama mkubwa alikuwa mweusi wa kung'aa. Dada alipomtazama alirudi nyuma akasema, "Huyu si mama." Walifuta bila kubisha, wakapaka mafuta ya kawaida ya nazi, sura yake ikarudi. Lakini poda ile ndiyo peke yake waliyo nayo, kopo moja kwa watu wote. Kama mochwari inataka kumpamba marehemu, iwe na rangi za watu wake, au iulize kwanza. Mfiwa anabeba sura hiyo ya mwisho maisha yake yote.

Malipo. Tulikuwa na deni la wodini ambalo hatukuweza kulimaliza siku ile, kwa sababu bima ilikuwa imekwama kwenye dawa fulani. Nilijiandaa kwa vita, maana kila Mtanzania ana ndugu au jirani aliyezuiliwa maiti ya mtu wake kwa ajili ya bili. Haikuwa hivyo. Mhasibu alitupa fomu ya ahadi, tukaleta barua ya serikali ya mtaa na mdhamini mwenye kitambulisho cha taifa, tukaandikiana kulipa kwa awamu, mwili ukatoka. Wizara ya Afya imeshaagiza zaidi ya mara moja kwamba maiti zisizuiliwe kwa sababu ya deni na hospitali zitafute njia nyingine ya kudai. Kenya nao Mahakama Kuu ya Mombasa ilishaamua mwaka 1998 kwamba mwili wa marehemu haushikwi rehani. Lakini agizo la wizara na hukumu ya mahakama vinafanya kazi pale tu dirishani panapokuwa na mhasibu anayevijua. Huyu alivijua, na alivisema mwenyewe kabla hatujamkumbusha.

Kitu kingine cha malipo: hakuna aliyetuomba "ya sabuni". Kuosha, kuvalisha, pamba, glovu, vyote vimeorodheshwa kwenye bango ukutani na vinalipiwa dirishani kwa namba ya malipo. Dada alitaka kumpa yule mama aliyeosha noti ya elfu kumi mkononi, akakataa, akamwambia kama anataka kushukuru aandike kwenye kitabu. Tukaandika.

Sasa gari. Kutoka Dar hadi Moshi ni kilomita kama 560, na sisi Wachaga tumeizoea njia hii kwa misiba kiasi kwamba tunaichukulia poa. Tusiichukulie hivyo. Februari 2023 kule Magila Gombero, wilayani Korogwe, Coaster iliyokuwa imebeba mwili na wafiwa kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso usiku, na watu 17 walikufa papo hapo, wengine wakafuata hospitalini. Familia iliyokuwa inakwenda kuzika mmoja ikazika ukoo. Tangu hapo kwenye kamati ya mazishi swali langu la kwanza ni dereva, jeneza linakuja baadaye.

Kampuni hii ilikataa kuondoka usiku. Kaka alitaka tutoke saa nne usiku, baada ya ibada ya kuaga, ili tuwahi, msimamizi wao akasema, "Mzee, tutatoka saa kumi na moja alfajiri, na madereva watakuwa wamelala." Madereva wawili, kila mmoja na leseni yake tuliyoonyeshwa, na wanapokezana Korogwe. Gari la mwili ni la peke yake, wafiwa wako kwenye basi dogo nyuma. Jeneza linakaa kwenye reli sakafuni, linafungwa mikanda minne, na juu yake haliwekwi begi, galoni wala ndizi. Nimeshasafiri kwenye msiba ambao juu ya jeneza kulikuwa na masufuria ya kupikia. Hapa palikuwa na shada na khanga yake tu.

Kabla ya kuondoka waliweka utepe wa karatasi kwenye maungio ya mfuniko, sehemu mbili, dada na dereva wakasaini juu yake. Ukifunguliwa njiani utachanika. Pale Segera trafiki alitusimamisha, akataka karatasi, dereva akatoa faili: kibali cha kusafirisha mwili, kibali cha mazishi, nakala ya taarifa ya kifo. Hakuna aliyefungua mlango wa nyuma. Mombo tuliposimama kula, dereva mmoja alibaki na gari mpaka mwenzake alipomaliza. Nilimpelekea chai kwenye kikombe cha plastiki akiwa amesimama pale pale kwenye mlango wa nyuma, jua linamuwakia. Nikamwambia aketi ndani, akasema akiketi atasinzia, na mama hawezi kuachwa peke yake stendi.

Ubaya wa gari ni kwamba kiyoyozi cha upande wa jeneza kilikuwa kinasuasua tangu Same. Kwa sababu ya dawa hakukuwa na madhara, lakini kwa mwili ambao haukupigwa dawa, joto la ukanda ule wa Same na Mwanga lingekuwa jambo zito. Wanapaswa kukitengeneza kabla ya safari nyingine, na dereva alilikubali hilo bila kujitetea.

Kutoka Kiboriloni kupanda Kidia, kwetu Old Moshi, barabara ni nzuri ila ina kona na mwinuko mkali. Gari lilipanda polepole, taa zimewashwa. Njia ya mwisho ya kuingia kihambani ni nyembamba kati ya migomba na kahawa, gari haliingii. Vijana wa ukoo walikuwa wanasubiri, lakini dereva hakuwaachia tu jeneza. Aliwapanga kwa kimo, warefu mbele kwa sababu ni mteremko, akawaambia wapite mguu wa kulia pamoja, akatembea nao mpaka varandani. Utepe tukaukagua mbele ya mchungaji na mjomba mkubwa: mzima, saini zipo. Dada akasaini daftari la kampuni kwamba amepokea, saa ikaandikwa. Ndipo wakaomba ruhusa ya kuondoka, na wakasubiri waruhusiwe.

Kwa wanaouliza bei: mochwari tulilipa kwa siku, dawa ikawa shilingi 150,000, kuosha na kuvalisha 60,000, na gari la mwili hadi Kidia milioni 1.8 pamoja na mafuta na madereva. Basi la wafiwa ni hesabu nyingine. Kwa gari wapo wa bei ya chini kidogo. Uliza kwanza wana madereva wangapi na kama watakubali kutoka usiku. Wakikubali haraka, tafuta wengine. Ukifika mochwari omba kuona daftari la kupokea na kutoa, si kurasa za watu wengine, ila mstari wa mtu wako, na usisaini kuchukua mwili kabla hujafunuliwa uso na kusoma lebo ya mguuni mwenyewe. Hapa hawakasiriki ukiomba. Dirisha la malipo Jumamosi linafungwa saa kumi jioni, na Jumapili halifunguliwi, kwa hiyo karatasi za kutoa mwili Jumatatu asubuhi zikamilisheni Jumamosi mchana. Nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata siku watakapoajiri mtaalamu wa pili na kubadilisha ile poda.